Mzazi, Anza Wewe

Siku ya kuripoti kazini nilifika nimelowa tope hadi magotini. Lori lililonitoa Kisarawe mjini lilinasa kabla ya Maneromango, tukateremka wote kulisukuma, na mimi na sketi yangu ya chuo cha ualimu. Mkuu wa Shule, mtu mfupi mwenye sauti ya kuongoza kwaya, hakunipa hata pole. Alifungua kabati, akanikabidhi boksi la chaki na fimbo ya mpera.

"Chaki ni ya darasani," akasema. "Hiyo nyingine ni ya kwingine kote."

Mimi mtu wa Mpwapwa, fimbo nimekua nazo, nikaona hapa nimefika. Haikuchukua muda nikateuliwa mwalimu wa nidhamu wa shule nzima ya bweni. Nyie walimu wa sasa mnaotumiana taarifa kwa simu hamwezi kujua kazi ile ilivyokuwa, kwa hiyo tulieni niwaeleze.

Ukaguzi wa bweni ulifanywa wanafunzi wakiwa paredi, yaani wamejipanga mistari uwanjani asubuhi, ili asiwepo wa kuhamisha kitu. Huanzi na sanduku. Sandukuni wanaficha wajinga. Unaanza na mto, unaubonyeza pembe zote, halafu kopo la dawa ya viatu, halafu soksi. Bangi nimewahi kuitoa ndani ya soli. Msimu wa mabibo, yale matunda ya mkorosho, pombe ilikuwa inapikwa kila kijiji, na wavulana wakitoka kuchota maji walirudi wanatafuna majani ya mpera kuua harufu. Walijidanganya! Mtu anayetafuna majani ya mpera na tumbo halimuumi, huyo ana lake jambo. Nilimsogelea tu, nikamwambia, "Hema." Akihema, kwisha habari yake.

Aliyekamatwa aliitiwa mzazi. Mzazi alikaa kwenye benchi nje ya ofisi mpaka walimu wakusanyike, kisha akaingizwa, akasomewa makosa ya mwanawe mbele yetu sote. Mtoto amepiga magoti. Hapo ndipo ilipokuja desturi yetu, na mwenye kuisimamia ni mimi. Nilimkabidhi mzazi fimbo nikamwambia, "Mzazi, anza wewe. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe." Mzazi akichapa kwanza, walimu tunamalizia, na hakuna wa kulalamika baadaye kwamba shule imemwonea. Nimeona akina mama wakichapa huku wanalia. Nimeona akina baba wakichapa kwa hasira ya ile aibu ya kusomewa mbele ya watu. Sikuwahi kuona anayekataa, isipokuwa mmoja.

Alikuwa mkulima wa Mzenga, Mzee Ramadhani. Alikuja kwa miguu, kanzu ameikunja mkononi, akaivaa alipofika ofisini. Mwanawe Athumani tulimkuta amelewa chakari nyuma ya jiko. Nilipompa yule mzee fimbo aliitazama, akaiweka mezani taratibu.

"Mwalimu, mmemuuliza ana nini?"

"Ana pombe, mzee," nikamjibu, na walimu wakacheka.

"Hiyo naisikia harufu hata mimi. Nauliza mmemuuliza ana nini?"

Mkuu wa Shule akagonga meza. "Mzee, hapa si hospitali. Unachapa au unaondoka naye?"

Akaondoka naye. Alimbebea mwanawe sanduku kichwani mwake mwenyewe, baba mzima, akampitisha mbele ya madirisha ya madarasa. Mimi nikasema kwa sauti, wasikie wote, "Haya ndiyo malezi ya kudekeza, mnayaona?" Athumani hakurudi tena.

Baada ya miaka mingi nikahamishiwa Kibaha, shule ya kutwa, nikajenga kibanda changu Tangini. Mume wangu alikuwa ameshatangulia mbele za haki, niko na Neema, kitinda mimba wangu. Hapo mabibo hayana kazi. Hapo ni viroba, ile pombe kali ya kwenye vipakiti vya nailoni, kabla serikali haijavipiga marufuku. Mtoto anaweka kwenye soksi, anaweka kwenye mkebe wa hisabati, anafyonza wakati wa mapumziko kama barafu. Nilivikamata mpaka nikachoka.

Tatizo likawa pa kuviweka. Vile ni vidhibiti, ushahidi wa kupeleka kwenye kikao cha bodi ya shule, na bodi yenyewe ilikuwa inakutana kwa nadra. Kabati la ofisi halikuwa na kufuli, na mlinzi tulishamkuta anajihudumia. Mkuu wa Shule wa pale, mama mmoja mstaarabu sana, akaniambia, "Mwalimu, kaa navyo kwako. Nyumbani kwa mwalimu wa nidhamu nani atathubutu kuvigusa?"

Weee, nilivimba kichwa! Nikavitia kwenye mfuko wa salfeti, nikausukuma chini ya kitanda. Marufuku ilipotoka nikavichoma nyuma ya nyumba. Neema ndiye aliyeniletea kiberiti.

Nilistaafu vizuri. Nilipewa keki, khanga na hotuba. Afisa Elimu alisimama akasema Kibaha nzima hakuna pua kama ya mwalimu huyu, watu wakapiga vigelegele. Neema alikuwa ameshaanza chuo hapa hapa mjini, anatoka nyumbani na kurudi. Alikuwa na tabia ya kutafuna karafuu, anasema jino linamsumbua. Karafuu zenyewe nilikuwa namnunulia mimi sokoni.

Juzijuzi nikapigiwa simu. "Mama Neema, tunaomba ufike chuoni." Nikafika. Nje ya ofisi kulikuwa na benchi. Nilitaka kusimama, mwishowe nikakaa. Vijana wakapita wananiamkia, "Shikamoo mwalimu," kumbe wengine nimewafundisha, nikawa naitikia marahaba huku nimeangalia viatu vyangu. Yesu wangu, benchi lile!

Mlezi wa wanachuo, binti ambaye ningeweza kumzaa, alinieleza kwa upole. Neema alikutwa amezimia chooni, na chupa yake ya juisi haikuwa na juisi. Hii haikuwa mara ya kwanza. Neema alikuwa amekaa pembeni, macho yamevimba, ananuka karafuu. Sikusikia la pili. Niliinuka, mkono juu.

"Mama, hapa hatupigi," yule binti akasema. "Kaa, tafadhali."

Nikakaa kama mwanafunzi. Akamgeukia Neema. "Mdogo wangu, una nini? Ulianza lini?"

Neno la Mzee Ramadhani lile lile, kutoka kwenye kinywa kingine.

Neema alinitazama mimi, si yule binti. "Darasa la sita," akasema. "Baba alipokufa nilikuwa silali. Mama alikuwa anarudi amechoka, akiniona nalia ananifokea. Wale wanafunzi aliokuwa anawakamata walikuwa wanacheka tu. Nikataka kujua wanachekea nini. Kulikuwa na mfuko chini ya kitanda."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na nawaambia bila kupamba: nilitamani yule binti anitukane. Hakunitukana. Alisema Neema hatafukuzwa, ila atahudhuria kliniki ya hospitali kila wiki, na lazima aje na mtu wa kwao. Tukiacha kwenda, nafasi yake chuoni inakwisha.

Basi kumpeleka kliniki ndiyo kazi yangu ya kustaafu. Mnaniuliza wosia wangu kwa walimu vijana, na mimi sina la kujivunia. Athumani sijui yuko wapi. Nilimuulizia mtu wa Mzenga, akasema yule mzee alifariki na kijana hajulikani alipo. Pua niliyosifiwa ilijua harufu ya kila mtoto isipokuwa yule niliyelala naye nyumba moja, na yeye alikuwa analia chumba cha pili. Nyani haoni kundule, ndivyo tulivyokuwa tukiwacheka wengine.

Siku ya kwanza pale kliniki tulikaa kwa duara, wagonjwa na ndugu zao. Muuguzi akasema kila ndugu asimame, ajitaje, aseme amekuja kwa ajili gani. Zamu ilipofika nikasimama wima kwa mazoea ya vikao.

"Mimi ni mwalimu wa nidhamu mstaafu," nikaanza. Maneno yakaniishia hapo. Watu wananisubiri, mikono sijui niiweke wapi.

Neema akanivuta upindo wa khanga, taratibu, nikae.

"Huyu ni mama yangu," akawaambia. "Naanza mimi."