Mchoro Haukubadilika

Admin, nifichie jina, na kijiji usikitaje, maana huku Moshi tunajuana mpaka majina ya ng'ombe. Mimi ni mama wa miaka hamsini na tisa, mstaafu, nina wajukuu wanne. Kuna maneno mawili niliyasema nikiwa na miaka thelathini na moja na hadi leo yananinyima raha. Naomba mnisome hadi mwisho kabla hamjaanza kunitukana.

Miaka ya tisini mwishoni nilikuwa msaidizi wa mpimaji kwenye ofisi moja ya mji. Biashara ilishakuwa ruksa, mitumba na rambo, mifuko ya plastiki, imejaa kila mahali, na dampo likawa halitoshi. Likaongezwa kuelekea mashamba ya chini, yale ambayo sisi wa mlimani tunashuka kulima mahindi na maharage. Mhandisi akachora mtaro wa kukusanya maji ya mvua yanayopita kwenye taka, uyapeleke moja kwa moja korongoni yasiingie mashambani. Mtaro ulinyooka vizuri. Shida ni kwamba ulikata kona ya shamba la mama yangu.

Siku ya kupigilia vigingi mhandisi aliniachia mchoro, akaenda kwenye kazi nyingine. Mama alikuwa anapalilia. Akaegemea jembe lake akaniangalia.

"Mwanangu, hili shamba ndilo lililokusomesha."

Nikamwambia mchoro ndivyo unavyosema.

"Mchoro hauna mama," akasema. "Wewe unaye."

Nikavihamisha vigingi. Mtaro nikaupinda, ukavuka mstari wa masale, ile mimea ambayo sisi Wachaga tunaipanda kuwa mpaka, ukaingia kwa jirani, halafu nikaurudisha kwenye njia yake. Jirani mwenyewe nitamwita Baba Anjela. Alikuja taratibu, nikamwamkia, akaitikia, akauliza mbona tumeingia kwake. Nikamjibu kwamba mchoro umebadilika. Aliviangalia vigingi, akaniangalia na mimi na mabuti yangu ya ofisi niliyokuwa naringia.

"Kama ni wewe unasema, mwanangu, sawa," akasema, na fomu ya kukubali akaisaini juu ya paja lake.

Mhandisi alihamishwa mtaro ukiwa bado unachimbwa, na aliyekuja baada yake hakukagua. Masika ilipofika, maji yaliteremka kwa nguvu na maji hayapendi kona. Pale pale nilipoupinda, mtaro ukapasuka. Maji meusi yenye harufu ya dampo yakalala kwenye maharage ya Baba Anjela, ya mama yangu yakabaki kijani. Majani ya ng'ombe walikuwa wanakata huko huko. Ng'ombe wao wa maziwa akafa, na walipompasua walikuta tumbo limejaa vipande vya rambo.

Mama Anjela alimuuliza mumewe kwa nini alisaini. Akasema mtoto wa jirani alimwambia mchoro umebadilika. Mama Anjela hakuamini. Mzee alikuwa anapenda mbege, pombe yetu ya ndizi, na mkewe akaona wazi kwamba watu wa ofisi walimnywesha wakachukua shamba.

Wakati huo nilikuwa nimejifungua mwanangu wa pili. Mama Anjela alikuja kunitazama na mtori wa ndizi kwenye hotipoti, akanipakulia mwenyewe. Nikiwa nakula akaniuliza, "Mwanangu, wewe uko ofisini, hutanidanganya. Mchoro ulibadilika?"

Mama yangu alikuwa mlangoni amembeba mtoto. Nikasema, "Hapana mama. Mchoro haukubadilika."

Ni kweli tupu, ndugu zangu. Mchoro haukubadilika hata nukta, na kwa ukweli huo mume wa mtu akawa mwongo. Nikaumaliza ule mtori wote.

Baba Anjela aliishi miaka tisa baada ya hapo, akila peke yake na kulala chumba chake, na kijijini wakimtania kwamba alinywa shamba. Hakuwahi kunijia juu. Siku moja tulikutana nje ya kanisa, nikatamani ardhi inimeze. Aliuliza tu, "Mtoto hajambo?" Nikasema hajambo. Akaondoka. Hata mazishini kwake nilimwona mkewe hakulia, nami nililia mpaka watu wakanishangaa.

Sasa Mama Anjela anaumwa, hatoki kitandani. Amewaambia watoto wake wasimzike kihambani, kwenye shamba la ukoo, kando ya mumewe, wamzike Himo kwa Anjela. Anasema hawezi kulala jirani na mwongo milele. Wiki iliyopita Anjela alikuja kwangu analia: "Dada, wewe anakusikiliza. Njoo umwambie amsamehe baba." Niliitikia nitakuja. Sijaenda.

Mama yangu bado yupo, ana miaka zaidi ya themanini. Nilipomwambia nataka kusema ukweli aliniambia maji yakimwagika hayazoleki. "Mimi nitaangaliwaje kanisani? Subiri nife kwanza." Nampenda mama yangu, ila safari hii amenichosha.

Kwa mila yetu, ukimkosea mtu unampelekea jani la isale. Isale halikataliwi. Hata awe na hasira gani, aliyeletewa lazima asamehe. Leo asubuhi nimelikata moja kwenye mpaka ule ule nilioruka na vigingi vyangu, liko kwenye ndoo ya maji jikoni. Na hapo ndipo nimekwama. Nikienda nalo, Mama Anjela atalazimika kunisamehe mimi niliyedanganya, wakati mumewe aliyesema kweli alikufa bila kusamehewa. Niliwanyang'anya shamba bila wao kuweza kukataa. Naona kama nakwenda kumnyang'anya na msamaha.

Wenye hekima mliopo humu, niambieni kabla mama wa watu hajafumba macho. Niende na isale, au niende mikono mitupu, ili angalau safari hii aweze kunikataa?