Mhuri Chini ya Kitete cha Susu Kalondu

Sauti ya kwanza niliyosikia kazini ni ya mhuri: ko, ko, ko, kama mtu anayebisha mlango na hataki kungoja. Ilikuwa miaka ya tisini, katika maktaba ya chuo hapa Machakos, na aliyekuwa akipiga ni Mkutubi Mkuu mwenyewe. Bila kuinua kichwa akaniambia, "Kitu kikiingia hapa bila mhuri, hesabu kimeshapotea."

Mimi nilikuwa nimeishia kidato cha pili, niko na mkataba wa miezi mitatu mitatu, na bado nilikuwa naota kwamba siku moja kile kiti chake kitakuwa changu. Waliniweka kaunta ya vifaa. Siku hizi mnabeba kila kitu kwa simu; sisi tuliazimisha projekta, kinasa sauti, na kamera ya video nzito kama mtoto wa miaka miwili. Mhadhiri aliacha kitambulisho, akajaza fomu, nami nikawasha balbu mbele yake aione. Balbu ikirudi imeungua, kila mtu alisema aliipata hivyo.

Baadaye nikahamishiwa maonyesho, yaani yale makabati ya vioo karibu na mlango. Tulipoandaa maonyesho ya jiko la Wakamba, Susu Kalondu, nyanya mmoja wa Kithyoko, alituazima kitete chake, kibuyu cha uji alichopewa na mamake alipoolewa. Alitaka kirudi Ijumaa, maana Jumamosi mjukuu wake angenywea uji humo mbele ya wakwe, akiagwa kwenda kuolewa.

Nami, kwa mazoea ya mkono, nikakipiga mhuri chini: MALI YA MAKTABA. Wino wa zambarau ukazama. Nilijaribu ndimu, nikajaribu jivu. Haukutoka.

Alhamisi nikamweleza Mkutubi Mkuu. Alikipindua, akakitazama.

"Huyo mama hajui kusoma," alisema. "Mpe aende. Ukianza kueleza atasema tulitaka kumwibia, na mkataba wako unaisha mwezi huu."

Ijumaa Susu akafika na leso ya kukifungia. Alikipapasa mdomo, akakipapasa mbavu, akatabasamu. Nilitaka kunyamaza, Mungu anajua. Lakini nilimkalisha, nikamwonyesha chini.

"Hii inasema nini, mwiitu wakwa, binti yangu?"

"Inasema ni mali ya maktaba, Susu. Ni mimi nilipiga. Na haitoki."

Alipitisha kidole juu ya wino, herufi moja moja.

"Wakwe wanasoma," alisema mwishowe. "Wangesema hata kibuyu tumeazima. Andika jina langu. Kubwa kushinda hilo lenu."

Tukaenda jikoni kwa kantini, nikachoma msumari ukawa mwekundu, nikaandika KALONDU juu ya mhuri kwa herufi kubwa. Mkutubi Mkuu alisimama mlangoni akitazama. Mwisho wa mwezi alitia sahihi mkataba wangu mpya bila kunitazama usoni.

Nyinyi mnaoanza mtafundishwa kulinda vitu vya maktaba, na ni sawa. Mimi vilivyoninyima raha miaka yote ni vile vya watu.

Siku niliyostaafu, wenzangu walipoenda kunywa chai, nilirudi kwenye makabati. Kulikuwa na kiti cha miguu mitatu, kimekaa hapo miaka, kadi yake imeandikwa tu "Kiti cha Kikamba". Nikafungua kioo, nikaongeza kwa kalamu: cha Mzee Kioko wa Matuu, tumekiazima.