Unywele Chini ya Gundi

Fundi wa mbao za kuteleza mawimbini alikuwa mkali kama pilipili. Akitandaza kitambaa cha faibaglasi na kumwaga gundi, aliisukuma mbio mbio kutoka katikati hadi kingoni kabla haijaganda, huku akimfokea mkewe aliyemsaidia: "Funga kilemba, mama watoto! Unywele ukinasa, kazi imeharibika!" Mkewe alicheka tu.

Wiki tatu baada ya fundi kumzika mkewe, mteja alifuata ubao wake, akaona unywele wa mvi umeganda chini ya gundi.

"Mzee, hii kasoro haitoki?"

"Huu siuzi. Nitakutengenezea mwingine."

Aliutengeneza peke yake. Ulipokauka, akaukagua kotekote, akitafuta unywele. Ubao ulikuwa safi kabisa. Hapo ndipo machozi yalipomshinda.