Baiskeli ya Kuachwa Njiani

Mniko, fundi baiskeli wa Mugumu, hakuwapenda wateja wanaochagua kibovu kwa makusudi. Alikuwa amemtolea Agustina baiskeli tatu nje ya kibanda chake, mbili za gia na moja isiyo na gia, na mama huyu alikuwa ameing'ang'ania hiyo ya tatu: fremu nzito iliyopakwa rangi kwa brashi, keria iliyochomelewa mara mbili, kiti kimepasuka.

"Mama, wewe unakwenda nayo kazini kila siku," Mniko alimwambia. "Toka Robanda mpaka huko kambini kwenu kuna kilima. Hii utaisukuma."

"Nitasukuma."

"Si uchukue ya gia? Nyepesi. Ukitokewa na mnyama, unachanja mbuga."

"Hiyo ni nzuri mno," Agustina akasema. "Siitaki."

Mniko akacheka, akidhani anavutwa ashushe bei. Angejua, asingecheka.

Emanuel, mume wa Agustina, alikuwa mlinzi katika kambi ile ile ya watalii ambako mkewe alifua mashuka. Alikuwa na baiskeli ya gia, na kila jioni aliifuta kwa kitambaa ambacho hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kukigusa. Sasa, wafanyakazi wa Robanda wana desturi yao: ukitokewa na nyati, unaiangusha baiskeli katikati yenu, unapanda mti, yeye anamalizia hasira kwenye chuma. Asubuhi moja mwaka jana Emanuel alifanya hivyo hivyo. Akaangusha, akapanda mgunga, akapona. Wenzake wa zamu ya baadaye, waliokuwa nyuma, walimwona kwa macho yao. Kisha, nyati hajaenda hata mbali, akashuka kuifuata baiskeli. Sanduku lake halikufunguliwa msibani.

Na pale msibani, mbele ya ukoo mzima, Agustina alipiga kelele kwamba mume wake amekufia gia, kwamba alipenda chuma kuliko watoto wake. Alikuwa na hasira kiasi kwamba hakutoa hata chozi. Tangu siku ile mama mkwe wake, Efrazia, hakumsemesha tena. Wanaishi boma moja, wanapikia moto mmoja, na salamu haijibiwi. Nani angemlaumu bibi wa watu? Mwanawe alitukanwa akiwa ndani ya sanduku.

Kwa hiyo Agustina alitaka baiskeli isiyomuuma moyo. Ya kuangushwa na kuachwa, basi. Kutembea kwa miguu kulikuwa kumeshamletea barua mbili za onyo kwa kuchelewa, na ya tatu ingekuwa ya kufukuzwa. Akainunua ile mbovu.

Ilimfaa wiki tatu. Wiki ya nne, akiwa anaisukuma kilimani, dume la nyati likatoka vichakani. Agustina akaangusha, akakimbia, akapanda mti. Nyati akainusa baiskeli, akaipiga pembe mara moja, akasogea hatua kama thelathini na kusimama kivulini.

Agustina akalitazama jua. Majina kambini huitwa saa moja. Nyati hakuonekana kuwa na safari. Jua likapanda, na baiskeli iko pale pale, imelala barabarani, magurudumu mazima.

Akashuka.

Alikuwa amekwenda hatua nne nyati alipoinua kichwa, na hapo ndipo Agustina alipojiona. Baiskeli ile hakuipenda hata kidogo. Alichokiona barabarani ni unga wa watoto. Na Emanuel naye alikuwa anawahi saa moja. Akarudi nyuma polepole, akapanda tena, akaukumbatia mti na kulia kwa sauti, kilio cha mwaka mzima alichokuwa amemnyima mumewe. Aliona aibu mbele ya marehemu, aibu isiyo na pa kupelekwa.

Nyati aliondoka saa nne. Agustina alipofika kambini, mashuka yalikuwa yanafuliwa na mwanamke mwingine, na barua yake ilikuwa tayari mezani.

Alipofika nyumbani, Efrazia alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharage. Agustina akapiga magoti mbele yake.

"Shikamoo, Mama. Kazi imeisha leo. Lakini nimekuja kwa jingine. Yale niliyosema msibani nayafuta. Emanuel hakufia gia. Alikuwa anawahi kazini. Leo na mimi nimeshuka mtini."

Mikono ya bibi ikasimama.

"Wewe unafikiri nilikuwa nimekununia," Efrazia akasema hatimaye. "Mwanangu, nilikuwa naogopa utaniuliza kwa nini Emanuel alichelewa. Asubuhi ile alikuwa ameshaikalia baiskeli yake, amewahi kabisa. Mimi ndiye niliyemwita arudi anifungie mbuzi."