Gazeti Lililosifu Mashine Isiyosema

Siku ile bado naiona, mwanangu, hata jua la kambi ya Dzaleka, kule Malawi, lilivyokuwa likichoma mabati. Nilikuwa binti wa miaka ishirini, nimetoka Bukavu na Kifaransa changu na Kiingereza kidogo, na Papa Elie alikuwa amenifundisha kompyuta katika chumba cha nyuma ya kanisa. Wee! Nilijiona nani?

Papa Elie alikuwa fundi na mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Nakikumbuka sana kile chumba, naye akipuliza vumbi kwa mdomo kwenye zile kompyuta zetu tatu kuukuu. Alikuwa ameziwekea mfumo wa bure, ule ambao kila mtu anaruhusiwa kusoma ulivyoandikwa, na walioutengeneza walihangaikia usalama kuliko urembo. Barua ikifungwa mle, hakuna wa kuichungulia. Ndiyo maana Mama Neema, mshonaji kutoka Fizi, alikuja kila wiki kumwandikia dada yake. Alikuwa mjane, mwenyewe alinisimulia. Shemeji yake alitaka kumnyang'anya watoto wake wawili, eti ni wa ukoo, naye akatoroka nao. Shemeji hakujua wako nchi gani.

Basi akaja mwandishi wa gazeti kutoka Lilongwe, amesikia habari za mfumo wetu. Papa Elie hakuwepo, nikampokea mimi. Na sisi wakimbizi unatujua: akija mtu na kalamu, tunasimulia. Maofisi yametuzoeza hivyo. Jina, kijiji, nani alikufukuza, ulipita wapi. Ukiruka kitu, faili yako inalala. Akaniuliza mfumo huu unamsaidia nani. Nikamwaga yote ya Mama Neema, tena kwa mpangilio mzuri, mpaka kibanda anachoshonea. Akasema zikomo, asante ya huko, akaenda zake.

Gazeti lilipotoka, nililifuata mwenyewe mjini Dowa kwa minibasi. Jumapili, baada ya ibada, nikalisoma kwa sauti huku nikitafsiri, kifua mbele. Lilisifu mashine isiyotoa siri. Nilipofika kwenye jina lake, Mama Neema alikuwa ameshainuka na kuwashika watoto mikono.

"Mi nilikuambia byangu juu uko mutoto yangu," alisema kwa Kiswahili chetu cha Kongo. "Sasa bantu bote bamejua."

Kabla ya juma kwisha, cherehani yake ilifungwa nyuma ya baiskeli ya kabaza, zile za kubeba abiria, akaondoka bila kusema anakokwenda. Papa Elie hakunipigia kelele, na afadhali angepiga. Alilikunja lile gazeti, akanirudishia.

"Mashine ilinyamaza," akasema. "We njo ulisema."

Nililia, mwanangu, nikaona aibu ya kupita sokoni. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, kidole kinapona.

Shemeji hakuja kamwe, Mungu ni mkubwa. Miaka mingi baadaye nilimkuta Mama Neema kule Mtandire, pembezoni mwa Lilongwe, anashona, watoto wamempita kimo. Majirani walimwita jina jingine. Alinipa kiti, akanipikia nsima, ugali wa huko, na kosa langu hakulitaja hata mara moja. Hapo ndipo liliponiuma zaidi.

Leo ninyi mna simu zenye kufuli za kila namna, na magazeti yanazisifu. Sawa, fungeni. Lakini siri ya mwenzako uliyoambiwa, mlango wake ni wewe. Akija mwenye kalamu au kamera, mweleze yako ukitaka. Ya mwenzako, kamwulize kwanza mwenyewe, na akikataa, usimshawishi.

Lile jina alilojipa kule Mtandire nalijua, nawe hutalisikia kwangu. Hata hilo la Neema nimembandika leo, na mahali alipo sasa si Mtandire. Nenda, mwanangu. Mungu akupe watu wa kukuamini, na wakishakuamini, akushikie ulimi wako.