Jina Lililokuwa Chini ya Sardini

Wiki iliyopita fundi alikuja kupaka milango ya chini katika jengo letu, pale tunapoweka baiskeli. Siku hizi rangi nyingi hazinuki, lakini huyu alitumia rangi ya mafuta, ile nzito ya zamani. Harufu yake ikapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, ikanikuta ninamenya viazi. Nikaweka kisu chini. Nawaambieni ninyi jambo ambalo hata mume wangu hajalisikia.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na tulikaa Hallonbergen, mtaa wa pembeni mwa jiji hapa Uswidi. Papa, baba yetu, aliosha vyombo katika mgahawa wa wafanyakazi mjini. Huko Bukavu alikuwa pentre, mchoraji wa vibao vya maduka. Kinyozi akifungua kibanda, Papa alimchorea kichwa na mkasi. Muuza dawa alichorewa chupa. Na kila kibao, kwenye kona ya chini, kilibeba maneno yaleyale: PENTRE SAFARI, KAZI SAFI, pamoja na mtaa anakopatikana. “Kibao bila jina ni mtoto wa kuokota,” alizoea kusema. Hadithi hizo alitusimulia kwa Kiswahili, nasi tukamjibu kwa Kiswidi huku macho yetu yakiwa kwenye televisheni.

Mwaka huo mwalimu wetu, Birgitta, alitupeleka makumbusho kuona picha za mchoraji mmoja wa Kimarekani. Zilikuwa kubwa kama ukuta wa sebule: kipande cha keki, kiatu cha mwanamke, dawa ya meno ikitoka kwenye mrija wake. Birgitta akatueleza kwamba mtu huyo, alipokuwa kijana, alipanda majukwaa marefu juu ya barabara kuchora matangazo ya bia na sigara, na hakuna mpita njia aliyejua jina lake. Baadaye alishuka, akaanza kuchora vitu hivyohivyo vya dukani kwa matakwa yake mwenyewe, na watu wakaanza kusimama kuzitazama.

Mimi nilikuwa mtoto wa kuuliza na kuandika majibu. Nikauliza jina lake liko wapi, maana sikuliona.

“Liko nyuma,” alisema Birgitta. “Mbele ni picha tu.”

Nikaandika hivyo kwenye daftari langu.

Kazi ya nyumbani ilikuwa kuchora kitu cha jikoni kwetu, kikubwa, kwa ajili ya jioni ya wazazi. Nilipoeleza hayo yote mezani, hata hilo la jina kuwa nyuma, Papa aliacha kutafuna.

“Huyo Mzungu alikuwa pentre wa vibao?”

“Ja,” nilimjibu, yaani ndiyo.

“Vya bia?”

“Na sigara.”

Alicheka mpaka akakohoa. “Mama Furaha, unasikia? Wenzetu wako makumbusho!”

“Basi wakuite na wewe,” Mama alijibu kutoka jikoni, “sukari yangu unayoimaliza kwa chai ipumzike.”

Jumamosi Papa alipandisha mlango wa kabati uliokuwa umetupwa kwenye chumba cha takataka, akausugua, akausimamisha barazani. Kwa rangi ya mafuta alichora kopo la sardini lililofunguliwa nusu, samaki watano ndani, na mafuta yanayong'aa kiasi kwamba ulitamani kuchovya mkate. Aliegemeza mkono juu ya mpini wa fagio usitetemeke, na kila mstari mrefu aliuvuta akiwa amebana pumzi. Mimi alinipa ukingo wa buluu. Mwisho aliandika kwenye kona, kwa herufi nyekundu zenye kivuli: PENTRE SAFARI NA BINTI, KAZI SAFI, HALLONBERGEN, na namba ya simu ya nyumbani.

Nilichokiona mimi ni namba ya simu. Niliwaza wenzangu darasani wakiipiga na kucheka. Niliwaza kwamba Mmarekani hakuandika “kazi safi”. Asubuhi ya Jumatatu, Papa akiwa kazini, nilichukua dawa ya Mama ya kutolea rangi ya kucha, nikasugua kona ile, kisha nikaifunika kwa buluu iliyobaki. Nyuma niliandika kwa penseli jina langu tu: Furaha.

Jioni ya wazazi Papa alikuja na suti ya kanisani. Alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake, tena alimleta rafiki yake Papa Deo.

“Iko wapi hiyo sardini?” Papa Deo alisema mlangoni. “Siye tumekuja na njaa!”

Birgitta akatupokea akitabasamu. Aliniuliza mbele yao kama nilisaidiwa.

“Själv,” nilisema. Mimi mwenyewe.

Kiswidi cha Papa kilikuwa kidogo, lakini neno hilo alilijua. Aliinama, akaitazama kona, akaweka kidole gumba juu ya buluu.

“Lakini Safari,” Papa Deo alianza, “si ulituambia…”

“Deo, kahawa ile kule.” Kisha akanigeukia bila kupandisha sauti. “Mwambie Madame, huyu mtoto ana mkono mzuri.”

Nami nikamtafsiria. Neno kwa neno, kwa Kiswidi safi.

Hakunigombeza, siku ile wala baadaye. Mwaka uliofuata kanisa letu la Jakobsberg lilimwomba kibao. Alikichora vizuri sana, na kona ya chini ikabaki tupu. Watu walipomuuliza jina lake, alisema, “Liko nyuma.” Nilisimama karibu, nikainamisha kichwa.

Miaka mingi baadaye, kanisa lilipohama, nilijitolea kukishusha kibao kile. Nilikigeuza kabla hata sijakiweka chini. Nyuma palikuwa na mbao tupu.

Nikiwa mtoto nilidhani nimefuta tangazo. Hakuna aliyekuwa akimwita Papa Pentre katika jiji hili. Pale jikoni mwa mgahawa waliita “Vyombo!”, naye akaja. Barazani siku ile alikuwa amejirudishia jina, na akaniwekea nafasi ndani yake.

Mlango ule wa kabati ninao mimi. Ukiutazama kwa ubavu wakati jua la mchana linaingia, herufi zinainuka chini ya buluu, maana sikusugua vizuri. Jina lake halisomeki tena. Kinachosomeka ni NA BINTI.