Maoni ya Saluni Kuhusu Kaseti ya Binamu Yangu

Nilikuwa na saluni ya viti vitatu mjini Embu, miaka ile ya tisini ambapo kila kijana aliyeweza kugeuza kofia nyuma mbele alijiita msanii. Mmoja wao alikuwa binamu yangu, mtoto wa mama mdogo. Baba yake alikuwa mwalimu mkuu. Kwao walikunywa chai ya maziwa na mkate wa siagi kila asubuhi, lakini ukimsikiliza akirap ungedhani amelelewa jalalani. Aliimba juu ya bastola. Silaha pekee niliyowahi kumwona nayo ni slasha ya kukata nyasi za shule, na hiyo alipewa kama adhabu.

Kikundi chao kilikuwa na watu watatu: yeye, rafiki yake wa kubonyeza mashine ya midundo, na msichana mmoja mpiga chapa katika ofisi za mkoa. Msichana walimchukua kwa sababu walihitaji mtu wa kuimba kiitikio, na kwa sababu alikuwa na subira ya kuwasikiliza.

Albamu waliirekodi Meru, katika chumba nyuma ya duka la fundi wa redio, karibu na soko la Gakoromone. Dirisha la chumba hicho halikufungika. Katika wimbo wa pili, binamu yangu anapotisha watu kwamba atawamaliza wote, unasikia vizuri kabisa mama fulani akiita, "Ndizi! Kujeni ndizi tamu!"

Nilipomwuliza kuhusu hilo, alinitazama kama mtu anayemhurumia mgonjwa.

"Hizo ni efekti, sista. Sisi ni andagraundi."

Aliniletea kaseti moja na daftari jipya. Alitaka niicheze saluni kwa wiki mbili na niandike wateja wanavyosema, neno kwa neno. "Nipatie ukweli," aliniambia. "Tunataka maoni ya mtaa." Mtaa! Huyu aliyekuwa akivuka barabara ili asisalimiane na wauza nyanya.

Basi niliandika. Nesi mmoja wa hospitali, rola zikiwa kichwani, aliuliza, "Huyu kijana ana mafua?" Nikamweleza kwamba anaiga Wamarekani. "Hata kama," akasema, "apakwe dawa ya kifua." Mwalimu wa shule ya msingi alisifu kwamba maneno ni mazito na yana mafunzo. Alisema hivyo akiwa chini ya drayer ya kukaushia nywele, mahali ambapo mtu hasikii hata jina lake likiitwa. Mke wa mchungaji alisema ni aibu tupu, kisha akaniomba nirudishe nyuma mara tatu ili ajue ni aibu kiasi gani.

Halafu siku moja alikuja mfanyabiashara wa ndizi kutoka Meru, aliyekuwa ameleta mzigo Embu. Nilikuwa namwosha nywele wimbo wa pili ulipofika. Aliruka na povu masikioni.

"Zima maji! Huyo ni mimi!"

Nikarudisha kaseti. Tukasikiliza tena. Alikuwa yeye kweli. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akauliza, "Na huyo mwanamume anayenipigia kelele ni nani?"

Niliandika hilo pia.

Lakini kulikuwa na wimbo wa sita, upande wa pili. Dakika mbili hivi zilikuwa zimebaki kwenye kaseti, wakamwachia msichana azijaze. Alirap kwa Kiembu. Alieleza siku aliyokwenda na mama yake kiwanda cha kahawa kule Runyenjes, karani akakataa debe lao kwa sababu matunda mabichi yalichanganyika na mekundu, akalimwaga chini, nao wakainama kuchambua upya mvua ikiwanyeshea. Hapakuwa na bastola. Hakupandisha sauti. Maneno yalitoka kwa kasi moja, kama vidole vyake kwenye taipu.

Wimbo huo ulipocheza, waliokuwa chini ya drayer walitoa vichwa nje wasikilize. Shosho mmoja, bibi kizee kutoka Mbeere, aliyeletwa na binti yake kutengenezwa kwa ajili ya harusi, alisema, "Huyo amebeba debe kweli. Anahema pale mtu huhemea." Kuanzia hapo kila mteja aliyerudi aliniomba huo. Kila nilipoombwa, niliandika.

Binamu yangu alikuja kuchukua daftari Jumamosi mchana, saluni ikiwa imejaa. Alisoma amesimama mlangoni.

"Wimbo wa sita, wimbo wa sita, wimbo wa sita. Hakuna mwingine waliousikia?"

"Wa pili waliusikia," nikamjibu. "Wameulizia bei ya ndizi."

Wanawake waliangua kicheko. Akazirarua kurasa zile, akazikunja, akazitia mfukoni. "Wamama wa saluni hamwezi kuelewa hip-hop."

"Tumeelewa, kijana," nesi alimwambia kwa upole. "Hiyo ndiyo shida yako."

Wiki iliyofuata alirudi peke yake asubuhi, kabla sijafungua. Aliniambia kwamba kwenye kaseti mpya za kuuza madukani angeiondoa sehemu ya yule msichana, kwa sababu Kiembu kinaishushia albamu hadhi. Msichana hakuwa ameambiwa. Mama mdogo ndiye aliyenisaidia kufungua saluni, na sikutaka maneno na mwanawe. Nikasema, "Albamu ni yako." Nimewadharau watu wengi katika maisha yangu, na asubuhi hiyo nilijiunga nao.

Kaseti mpya zilipotoka, msichana alinunua moja dukani, akaja nayo saa ya chakula cha mchana nimtengeneze nywele. Aliniomba niicheze. Wimbo wa sita ulianza. Pale alipopaswa kuingia yeye, midundo ilikwenda mitupu kidogo, kisha ikaja sauti ya binamu yangu ikitutangazia tena kwamba atatumaliza. Msichana alisikiliza mpaka mwisho, akinitazama kwenye kioo.

"Ulikuwa unajua?"

"Alinidokezea."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia albamu ni yake."

Alitikisa kichwa polepole. "Nimalizie, nirudi ofisini."

Nilimmalizia. Hakuja tena. Nilimwona mara nyingi barabarani, nywele zikiwa safi, zimetengenezwa kwingine, naye alinisalimu kwa adabu kama anavyosalimiwa karani wa posta.

Kuhusu kaseti mpya hakuna aliyetoa maoni. Zilikaa kwenye rafu ya duka moja Runyenjes mpaka jua likafuta picha ya jalada, na mwenye duka akazitumia kurekodia kwaya ya kanisa lake.

Binamu yangu sasa anauza bima, na anaiuza vizuri. Juzi, kwenye sherehe ya mahari ya mpwa wetu, alikuwa ameketi kwenye hema akiwaeleza vijana kwamba kikundi chao kilikuja mapema mno, kwamba Embu haikuwa tayari, kwamba wasikilizaji wa wakati ule walikuwa na masikio ya shamba. Vijana walimsikiliza kwa heshima. Mimi niliinuka, nikaenda jikoni kuona kama wali umeiva.